Wiki Moja Sisilia: Ikateni Hiyo Ratiba

Msichana mmoja wa Arusha ameniandikia barua ndefu. Yeye na wenzake watatu wameweka kibubu cha pamoja kwa muda mrefu, ruhusa kazini wameshaomba, na sasa wanataka kwenda Sisilia, Italia, kwa siku saba. Ratiba nayo wamenitumia: wanatua Palermo, kesho yake Trapani, kisha Marsala, Agrigento, Ragusa, Noto, Siracusa, Catania, Taormina, Messina, Cefalù, halafu Palermo tena kupanda ndege. Miji kumi na mmoja kwa siku saba, na kila usiku mzigo unafunguliwa, kila asubuhi unafungwa. Mwisho ananiuliza, “Dada, tumesahau nini?”

Mdogo wangu, nimefurahi sana kwa ajili yenu. Wanawake wanne mliojinyima ili mkaione dunia kwa fedha yenu wenyewe, hilo ni jambo la kupigiwa vigelegele. Hamjasahau kitu. Mmeongeza mno. Naomba mkae chini, mwite na wale wenzako watatu, mkate miji sita au saba kabla hamjalipia hata shilingi.

Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania, takriban kilomita za mraba 25,700. Sisi tuliozoea Unguja tukisikia kisiwa tunawaza mahali unapotoka mjini asubuhi, ukaoga bahari ya Nungwi, na jioni ukarudi kula kwako. Sisilia inaizidi Unguja zaidi ya mara kumi na tano. Ukiizunguka kwa barabara utamaliza kilomita mia nane na ushee, nyingi zikiwa za kupanda na kushuka vilima. Reli haiwasaidii kufunga mzunguko huo, maana upande wa kusini treni ni chache na za polepole. Kwa ratiba yenu mtakijua kisiwa kupitia kioo cha basi, na picha zenu zitakuwa za stendi.

Fanyeni hivi. Tueni Palermo, ondokeeni Catania. Palermo iko kaskazini magharibi, Catania iko mashariki, na kila mji una uwanja wake wa ndege, kwa hiyo hakuna haja ya kurudi mlikoanzia. Mkitafuta tiketi, tafuteni ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, badala ya kununua mbili za kwenda tu. Laleni Palermo siku tatu, Siracusa siku mbili, Catania siku mbili. Vitanda vitatu kwa wiki nzima. Trapani, Marsala, Ragusa, Messina na Cefalù ziacheni. Najua inauma, hasa Cefalù, maana ni pazuri kweli. Mtu akibaki na hamu ya mahali atapata sababu ya kurudi.

Sasa viza, maana bila hiyo yote haya ni hadithi. Italia imo katika eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lazima aombe viza kabla ya kusafiri. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku kumi na tano kabla. Kisheria ubalozi una siku kumi na tano za kuamua, lakini wakitaka kuchunguza zaidi zinaweza kufika arobaini na tano. Na kabla ya kuwasilisha kuna kupata miadi, ambayo msimu wa watu wengi husumbua. Ukitaka kusafiri Mei, basi Januari uwe umeshaanza kuhangaikia miadi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya matibabu na kurudishwa nyumbani, isiyopungua euro 30,000, na ifunike siku zote mtakazokuwa huko.

Hapa nataka niongee na ninyi wanne kwa makini, kwa sababu ya hicho kibubu. Umeniambia fedha yote iko kwenye akaunti ya mmoja wenu. Ubalozi hauangalii kikundi, unamwangalia kila mwombaji peke yake: ana nini, anafanya kazi wapi, na kipi kitamrudisha nyumbani. Aliyeshika kibubu ataonekana tajiri, na ninyi wengine watatu mtaonekana hamna kitu. Gawaneni mapema. Kila mmoja fungu lake liingie kwenye akaunti yake miezi kadhaa kabla ya kuomba, na likae humo pamoja na mshahara unaoingia na kutoka kama kawaida. Kisha andikeni barua fupi ya kweli inayoeleza kwamba mlichanga pamoja na mligawana lini. Fedha nyingi inayotua ghafla wiki moja kabla ya maombi inazua maswali, hata kama ni ya halali kabisa.

Barua ya mwajiri iseme umeajiriwa tangu lini, unalipwa kiasi gani, na ruhusa yako inaisha tarehe ipi. Anayefanya biashara aambatishe leseni na karatasi za kodi. Hoteli wekeni zile zinazokubali kufutwa bila gharama. Tiketi ya ndege isiyorudishwa msinunue kabla ya viza kutoka. Kuweka nafasi kunatosha kwa maombi. Na akija mtu kuwaambia ana “karatasi za hoteli” za kuuza, au taarifa ya benki ya kutengeneza, mkimbieni. Uongo ukigundulika unabaki kwenye kumbukumbu zao, na nchi zote za Schengen zinauona. Msichana wa miaka ishirini na sita hapaswi kuanza na doa la namna hiyo.

Mlioko Muscat na Dubai, ombeni hukohuko mnakoishi, na kibali cha ukaazi kiwe na muda wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi. Na yule mdogo wangu aliye masomoni Birmingham, Uingereza haimo Schengen. Kibali chako cha masomo hakikufungulii mlango wa Italia; nawe unaomba kama wenzako, ila utaombea hukohuko Uingereza.

Jambo moja zaidi la mpakani. Kuanzia Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kumsajili msafiri kwa alama za vidole na picha ya uso anapoingia. Mnaopitia Roma kuunganisha ndege ya Palermo, ukaguzi wa pasipoti mtaufanyia Roma. Msikubali tiketi inayowapa saa moja tu ya kuunganisha. Tafuteni saa tatu, mpumue.

Kuhusu miezi, barua yako inasema Agosti. Hapana, mdogo wangu. Tarehe 11 Agosti 2021 kipimo kilichoko karibu na Siracusa kilisoma nyuzi 48.8, joto kubwa kuliko lote lililowahi kurekodiwa Ulaya. Mahekalu ya Agrigento yako uwanda wa wazi, kivuli ni cha kutafuta. Isitoshe, Agosti ndiyo likizo ya Waitaliano wenyewe. Tarehe 15 wanaadhimisha Ferragosto, fukwe zinajaa, vyumba vinapanda bei, na maduka kadhaa ya mitaani yanafungwa. Nendeni Mei, au kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Mei mtakuta maua na mashamba bado ni mabichi. Septemba bahari ina vuguvugu la kiangazi chote. Kama ruhusa haibadiliki, basi amkeni alfajiri, saa za mchana jifungieni ndani kama wenyeji wafanyavyo, tokeni tena jioni.

Palermo, sasa. Hapa ndipo ningetaka mtulie kuliko popote, na nitawaambia sababu.

Waarabu na Waberberi kutoka Afrika Kaskazini walitua Sisilia mwaka 827, wakaitwaa Palermo mwaka 831, na kwa zaidi ya miaka mia mbili mji huu ulikuwa wa Kiislamu. Walileta ujuzi wa umwagiliaji, malimau na machungwa, miwa. Wanormani wakauteka mwaka 1072, lakini hawakuwafukuza mafundi wala wasomi waliowakuta. Nendeni kwenye jumba la wafalme, Palazzo dei Normanni, mwingie kanisa dogo la Cappella Palatina, alilojenga Mfalme Ruggero wa Pili. Ukutani ni vipande vya dhahabu vilivyopangwa na mafundi wa Kiyunani. Inueni macho darini: mbao zilizochongwa kwa mtindo wa misikiti, zenye maandishi ya Kiarabu. Kanisa la Kilatini, kuta za Kiyunani, dari la Kiarabu, chini ya paa moja. Mkae humo nusu saa, msiharakishwe na foleni.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi kabisa. Katika baraza la mfalme huyohuyo aliishi mwanajiografia Mwislamu aliyeitwa al-Idrisi. Mwaka 1154 alimaliza kitabu chake cha kuieleza dunia, chenye ramani ambayo kusini iko juu. Ndani yake ameandika habari za pwani ya Zanj, na Malindi imo. Fikirini: karibu miaka mia tisa iliyopita, mtu alikaa Palermo akiuliza mabaharia na wafanyabiashara, akaandika kuhusu pwani yetu. Kitabu chenyewe hamtakikuta pale. Nakala zake za kale ziko maktaba za nchi nyingine. Lakini mkiwa katika jumba lile, mjue jina la Malindi lilikwisha kutajwa katika baraza hilo kabla yenu.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa kuu la Palermo. Kwenye baraza la mlango wa kusini, nguzo ya kushoto ina aya ya Kurani iliyochongwa. Watu wengi hupita bila kuitazama. Ninyi itazameni.

Wakatoliki miongoni mwenu wamesikia habari za Mtakatifu Benedikto Mwafrika? Alizaliwa kisiwani humu, San Fratello, karne ya kumi na sita, wazazi wake Waafrika waliokuwa watumwa. Aliingia utawa wa Wafransisko, akawa mpishi wa nyumba yao hapo Palermo, na ingawa hakujua kusoma, ndugu zake walimchagua kuwa mkuu wao. Akafa mwaka 1589, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807, na Palermo inamhesabu miongoni mwa walinzi wake. Muulizieni kwa jina la San Benedetto il Moro. Binafsi naona habari yake ingepaswa kusimuliwa kila parokia ya Afrika Mashariki.

Chakula cha Palermo kiko barabarani. Soko la Ballarò lina makelele, samaki, mizeituni, na maduka ya Wabangladeshi, Wagambia na Wanigeria kando ya Wasisilia. Kuleni panelle, ambazo kwa kweli ni bajia za unga wa dengu zilizokandwa bapa, zikatiwa ndani ya mkate na kukamuliwa limau. Kuleni arancina, donge la wali lililojazwa na kukaangwa. Ndugu zangu Waislamu, kuweni waangalifu hapa: arancina ya nyama mara nyingi huchanganywa na ya nguruwe, na gamba la vitamutamu viitwavyo cannoli kwa desturi hukaangwa au kukandwa kwa mafuta ya nguruwe yaitwayo strutto. Ulizeni, “C'è maiale? C'è strutto?” Wengi watawajibu kwa ukweli. Panelle na caponata, yaani bilinganya zilizopikwa na siki na sukari, ni za mboga, ila hata kwa panelle ulizeni mafuta ya kukaangia. Samaki wa kuchoma wapo kila mahali. Nyama ya halali inapatikana kwenye bucha za wahamiaji hapo Ballarò.

Mkoba uwe mbele, simu isiwe mkononi muda wote sokoni. Wezi wa mifukoni wapo, kama Kariakoo.

Siku ya tatu pandeni treni asubuhi hadi Agrigento, mwendo wa saa mbili hivi, mkaone Bonde la Mahekalu, kisha mrudi kulala Palermo. Hekalu la Concordia lilijengwa na Wayunani karne ya tano kabla ya Kristo, na limesimama karibu zima kwa sababu karne ya sita baada ya Kristo liligeuzwa kanisa, likawa linatunzwa. Ingieni kwa lango la juu, upande wa hekalu la Juno, ili mtembee mkishuka. Chukueni maji. Kofia si pambo pale. Msijaribu kuongeza kitu kingine siku hiyo.

Sasa la Jumapili, ambalo vitabu vya safari hulipita haraka. Jumapili mabasi ya Sisilia hupungua sana, mengine hayatembei kabisa. Pangeni wiki yenu ili Jumapili iwakute ndani ya mji mnaolala, na isiwe siku ya kuhama. Migomo ya treni nayo hutokea, lakini hutangazwa mapema. Neno la kutafuta kwenye habari ni sciopero. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongeni muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini kana kwamba hamjalipa.

Kuna aliyeuliza kuhusu kukodi gari. Kwa safari hii siwashauri. Italia wanaendesha kulia, sisi tumezoea kushoto, na barabara za Palermo si mahali pa kujifunzia. Magari ya kukodi kwa kawaida ni ya gia za mkono. Ya otomatiki lazima uyawahi. Utadaiwa kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ambayo watazuia juu yake kiasi kikubwa cha dhamana. Kadi ya kawaida ya benki wengi hawaikubali. Halafu kuna maeneo ya ZTL, mitaa ya mji wa kale isiyoruhusiwa gari bila kibali. Hakuna askari wala kizuizi, ni kamera tu. Unapita ukicheka na wenzako, na faini inakufikia miezi baadaye kupitia kampuni ya kukodisha, ikiwa na ada yao juu. Mabasi na treni zinawatosha kwa ratiba hii.

Kutoka Palermo kwenda Siracusa kuna basi la moja kwa moja, mwendo wa saa tatu na kitu. Laleni Ortigia, kile kisiwa kidogo kilichoungwa na mji kwa madaraja. Chumba kitawagharimu zaidi kuliko mjini, na kwa hili nasema lipeni. Usiku watalii wa mchana wameshaondoka, mawe ya mitaa yanang'aa kwa taa, na mnaweza kutembea mzunguko mzima kwa miguu bila kupotea. Kanisa kuu la hapo ni hekalu la Athena lililojengewa kuta katikati ya nguzo zake. Zile nguzo za Wayunani mtazishika kwa mikono yenu ndani ya kanisa linalosali misa hadi leo. Siracusa ndiko alikozaliwa Archimedes, na ndiko askari wa Kirumi alikomuua mji ulipotekwa mwaka 212 kabla ya Kristo. Bara kuna ukumbi wa kale wa maonyesho uliochongwa kwenye mwamba, na kila mwaka kuanzia Mei tamthilia za Kiyunani huchezwa mlemle, jioni, watu wakiketi juu ya mawe. Mkiwa na bahati ya tarehe, nunueni tiketi mapema. Hata msipoelewa Kiitaliano, mtaelewa mama anayelia.

Noto mnaweza kwenda na kurudi nusu siku kutoka Siracusa. Mji wa kale uliangushwa na tetemeko la mwaka 1693, wakaujenga upya mahali pengine kwa jiwe la rangi ya asali. Ukishaupita mtaa mkuu wake kwa miguu na kula granita, ile barafu tamu ya kusagwa, umeuona.

Catania ni mji mweusi, kwa maana umejengwa kwa jiwe la volkano. Katikati ya uwanja wake mkuu amesimama tembo wa jiwe hilo, na ndiye alama ya mji. Nyuma ya uwanja kuna soko la samaki, la asubuhi tu. Lakini Catania mnakwenda kwa ajili ya Etna. Mlima huo una mita zaidi ya 3,300, na kimo chake hubadilika kwa sababu bado unalipuka. Ninyi wa Arusha mmeukulia Meru, na Kilimanjaro iko jirani, kwa hiyo kimo hakitawatisha. Kitakachowashangaza ni mlima ulio hai, unaotoa moshi juu ya mji wa watu wanaokunywa kahawa. Basi huondoka Catania asubuhi kwenda Rifugio Sapienza, karibu mita 1,900, na kurudi alasiri. Saa ya kurudi iulizeni kabla ya kushuka, maana hakuna jingine la kulisubiri. Kutoka hapo gari la waya linapanda hadi mita 2,500. Juu zaidi ni kwa mwongozaji, na siku mlima ukichafuka hufungwa; akisema basi, ni basi. Hata Juni juu kuna baridi na upepo mkali. Makoti na viatu vya kukodi vipo hapo chini.

Etna ikimwaga majivu, uwanja wa ndege wa Catania unaweza kufungwa kwa saa kadhaa au zaidi. Ndiyo maana bima yenu iwe na kipengele cha safari kuahirishwa, na ndiyo maana siku ya kurudi kazini isiwe kesho ya kutua. Jipeni siku moja ya kupumzika nyumbani.

Taormina ndiyo mtanilaumu. Ina ukumbi wa kale unaotazama Etna na bahari kwa pamoja, picha yake mnayo kwenye simu zote nne. Lakini kila kitu kule ni ghali na watu wanabanana. Mkitaka, toeni Noto muende Taormina kwa basi la asubuhi kutoka Catania. Kufanya zote mbili itakuwa ni kurudia kosa la ratiba ya kwanza.

Mavazi: kila mmoja abebe kanga. Itafunika mabega makanisani, ambako mabega wazi na kaptula huzuiwa mlangoni, itatandikwa ufukweni, itawafunika kwenye basi lenye kiyoyozi kikali. Viatu viwe vya kutembelea juu ya mawe, vilivyokwisha kuzoea mguu.

Na nisiwafiche hili. Sisilia ni mlango ambao vijana wengi wa Afrika wameingilia Ulaya kwa mashua kutoka Libya na Tunisia, na wengi wamefia baharini. Askari wanaweza kuwasimamisha ninyi na kuomba karatasi huku mtalii mwingine akipita. Mgeni kule anatakiwa kuwa na kitambulisho muda wote, kwa hiyo tembeeni na pasipoti mahali salama mwilini, na nakala ya viza kwenye simu. Jibuni kwa utulivu, onyesheni, endeleeni na siku yenu. Hamna cha kuonea aibu. Wasisilia kwa jumla ni watu wakarimu, wanaongea na mgeni kwa mikono yote miwili. Na mkimkuta kijana wa Kigambia anauza mboga Ballarò, msalimieni kama mtu wa nyumbani.

Nimalizie na yule wa Mombasa anayetaka kumpeleka mama yake mwenye magoti ya kuuma. Mpeleke, mpenzi. Mpunguzie tu. Kwake yeye weka vitanda viwili: Palermo siku tatu, Ortigia siku nne, maana Ortigia haina vilima vya kumchosha na benchi za kukalia zipo kandokando ya bahari. Kabla ya kulipia chumba uliza kama jengo lina lifti, ascensore, kwa sababu nyumba nyingi za mji wa kale hazina, na “ghorofa ya tatu” ya Italia ni ngazi nyingi. Uwanja wa ndege omba msaada wa kiti cha magurudumu angalau saa arobaini na nane kabla. Ni haki yake na hakilipiwi. Kwenye stesheni kubwa za reli huduma hiyo inaitwa Sala Blu, nayo inaombwa mapema. Mkiamua kwenda Etna, mwache apande kwa gari la waya kama daktari wake ameridhia kimo hicho, na kama hajaridhia, mnywe kahawa pamoja pale Rifugio Sapienza. Mashimo ya zamani ya volkano yanaonekana kutoka hapohapo. Dawa zake zibebeni kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, na jina la kila dawa liwe la kitabibu, maana jina la dukani la Mombasa mfamasia wa Palermo hatalijua.